Kiti cha Nyuma Darasani

Nakumbuka siku moja nikiwa na umri wako huu, Neema mwanangu, nimekaa kiti cha nyuma darasani hapa hapa mtaani kwetu Bertrams, nimenuna kama unavyonuna wewe leo. Usinikatize. Sauti uliyonitumia asubuhi nimeisikiliza mpaka mwisho, chai yangu ikapoa. "Shangazi, eish, nimechoka. Muhula wa pili huu nakaa tu nyuma. Ijumaa naacha." Unaacha nini, hebu niambie? Shule inakulipa huku unajifunza ualimu, mwalimu mzima amepewa kazi ya kukulea, halafu unaacha kwa sababu hujashika chaki? Mnanichosha nyie watoto, jamani!

Na mimi nilijifunza hivyo hivyo. Mwalimu wangu aliitwa Nomsa, mama wa Soweto. Kila nikimwuliza nitafundisha lini, ananijibu, "Just now." Mimi niliyetoka Bukavu na Kiingereza cha kuokoteza nilijua maana yake ni sasa hivi. Mara ya kwanza nikasimama, nikanyoosha sketi, nikaenda mbele. Watoto walicheka mpaka wakalala kwenye madawati. Kumbe kwa watu wa hapa maana yake ni baadaye, na baadaye yenyewe haina saa. Nikarudi nyuma, nikanuna miezi.

Pembeni yangu alikaa mtoto mmoja, Amani, amefika juzi tu kutoka Uvira. Siku hiyo ninayoikumbuka akanyoosha mkono kuomba kwenda chooni. Mwalimu Nomsa alikuwa anaandika ubaoni, akasema bila kugeuka, "Just now." Mtoto akainuka, akatoka mbio. Nilijua papo hapo kilichotokea. Si ndiyo yaliyonipata mimi mwenyewe? Lakini nikanyamaza. Nikasema moyoni, darasa si langu, mwenye darasa atajua mwenyewe. Amani aliporudi alifokewa mbele ya wenzake kwa kukosa adabu, akasimamishwa kwenye kona. Hakuelewa amekosa nini. Alinitazama mimi, maana alishanisikia nikiongea Kiswahili kwenye simu. Mimi nikaangalia dirishani.

Wakati wa mapumziko nikamsimulia Mwalimu Nomsa, tena kwa kicheko. Hakucheka. Aliweka kikombe chini.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukakaa?"

"Hujanipa darasa, Mwalimu."

Hapo alipaza sauti mpaka walimu wote wakageuka. "Unafikiri nilikuweka kiti kile kwa nini? Mimi siwezi kusikia mtoto yule amekwama wapi. Wewe unaweza!"

Akaenda kumwomba mtoto radhi mbele ya darasa zima, nami nikatafsiri. Amani akasema asante kwa adabu. Lakini mwaka ule hakunyoosha mkono tena, si kwa choo, si kwa swali. Alikuwa anasubiri kengele amebana miguu. Mpaka leo inaniuma.

Sasa sikiliza, na usinijibu kwa vikatuni vya kucheka. Darasa ulipewa siku ile ulipoonyeshwa kiti. Ijumaa huachi. Ijumaa utaniambia majina ya watoto wanaokaa karibu nawe, na nani kati yao anaitikia "yes, ma'am" bila kuelewa kitu. Ukishindwa, basi hata ungepewa chaki leo ungefundisha ubao. Wewe umezaliwa hapa, Kizulu unacho, na Kiswahili changu unakisikia vizuri hata unapojifanya hukisikii. Huenda mwalimu wako hana masikio hayo. Mtoto akikutazama, usiangalie dirishani.

Haya, nenda. Mungu akufungue masikio kabla ya mdomo, akupe subira niliyoikosa mimi, na mtoto yeyote atakayenyoosha mkono akukute tayari unamtazama. Amina. Na unipigie simu, Neema. Si "just now". Sasa hivi.