Njia ya Jeneza kwa Bi Mwamvua

Bi Mwamvua wa Mikumi ni mwoshaji wa maiti za kike, na si mtu wa kupendeza. Hana mazungumzo marefu, na ukimpelekea umbea anakuuliza kama uko tayari kuusema mbele ya mwenyewe. Alizaliwa Masanze kwa wakulima wa mpunga, akaolewa Mikumi, akafiwa na mume, akabaki.

Kando ya nyumba yake ilikuwapo njia pana ya vumbi iendayo makaburini. Haikuwa kwenye ramani yoyote. Ilikuwapo kwa sababu jirani yake, marehemu mzee Mudi, aliacha upande mmoja wa kiwanja chake wazi maisha yake yote, ili wanaobeba jeneza wapite kwa wingi wao, wakipokezana mabegani kama inavyotakiwa. Mwamvua akishamwosha mwanamke mwenzake na kumvika sanda, hutoka nje kumtazama akipita hapo. Wanawake wa kwetu hawaendi kuzika. Kwake huo ndio mwisho wa kuagana.

Mzee Mudi alipofariki, mwanawe Hussein alirudi kutoka Morogoro na mchoro. Alitaka kujenga nyumba kumi na mbili za ghorofa, zilizoshikana ukuta kwa ukuta, awapangishe wafanyakazi wa hoteli na wageni wa mbuga. Njia ingebaki uchochoro wa mtu mmoja. Lakini eneo letu limepangwa kwa nyumba moja kila kiwanja, na kubadili hilo kunataka majirani waulizwe. Hussein hakuuliza. Aliandaa hitima ya baba yake.

Hitima haikataliwi. Watu walikaa kwenye mikeka palepale kiwanjani, shehe akasoma, akaomba dua, akaifunga kwa Fatiha. Wakiwa bado wanapangusa nyuso, Hussein akasimama na kanzu yake nyeupe, akasema marehemu alitamani hapa pajengwe nyumba nyingi za kuwafaa watu, basi Mungu amtimizie. Wote wakaitikia amin, kwa sauti kubwa kuliko zile za mwanzo, maana harufu ya pilau ilikuwa imeshafika. Mtu wake alikuwa anarekodi kwa simu. Video hiyo ndiyo aliyoipeleka ofisi ya mipango miji kuonyesha kwamba majirani wameridhia.

Habari ilipojulikana, nilitegemea kitongoji kiinuke. Hakikuinuka. Mzee mwenye wajukuu alimwambia Mwamvua kwamba hawezi kuikana amin aliyoitikia mbele ya msahafu. Mwingine alisema ukishakula hitima ya mtu huwezi kumpinga hadharani. Walijiona wachamungu. Huo haukuwa uchamungu, ulikuwa woga uliovaa kofia. Mtu aliyetegwa kwa dua ana wajibu wa kuitetea dua, si wa kumtunzia heshima aliyeitumia kama mtego.

Mwamvua alikwenda ofisini peke yake, tena na tena, mpaka afisa mipango miji, dada mmoja aitwaye Lilian, akaona heri aje mwenyewe kuitisha mkutano. Siku hiyo Hussein aliifungulia ile video sauti mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Mwamvua.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba."

"Mlikuwa kule kwenye masufuria, lakini amin yenu nayo imo humu."

"Imo. Ningejua unaivuna, ningenyamaza."

Watu wakacheka kidogo. Hussein naye akacheka. "Shangazi anahofia kazi yake tu. Wapangaji wangu watakuwa vijana. Atamwosha nani?"

Hapo walicheka zaidi, na waliocheka ni watu ambao mama zao waliandaliwa kwa mikono ile. Mwamvua alimtazama shehe, ambaye kila mtu alijua kwamba siku ya hitima alipelekewa paja zima la ng'ombe.

"Shehe, siku ile ulimwombea nani?"

Shehe akaivuta kofia yake. "Marehemu."

"Na nyumba?"

"Dua niliifunga kwa Fatiha," akasema. "Aliyoyasema Hussein yalikuwa yake."

Lilian akasema ofisi yake haipokei amin yoyote, ya kabla ya Fatiha wala ya baada yake, na kila jirani aseme mwenyewe. Basi wakakataa mmoja baada ya mwingine, kwa ukali, kama watu waliokuwa wakipigania jambo hilo tangu mwanzo. Maombi yakakataliwa.

Hussein hakubishana. Alileta matofali akazungushia kiwanja chake chote ukuta, kwenye mstari wenyewe wa mpaka, jambo ambalo mwenye kiwanja anaruhusiwa. Ule uchochoro nao ukafa. "Mlitaka sheria," aliwaambia. "Hiyo hapo."

Wale wale wakamwendea Mwamvua kumlaumu. Angenyamaza, walisema, angalau tungepata pa kupenya. Aliwasikiliza, akawauliza kama wamemaliza. Kesho yake alichukua nyundo akaanza kubomoa jiko lake la nje, pamoja na ukuta uliolishikanisha na choo, akafungua njia ndani ya kiwanja chake mwenyewe. Waliopita walimpa pole ya kazi, wakaendelea na safari zao. Hakuna aliyebeba hata tofali.

Jeneza la kwanza kupita hapo lilikuwa la mama yake mwenyekiti wa kitongoji. Mwamvua alikuwa amemwosha asubuhi ile. Wanaume wote walibeba, na Hussein naye akapokea bega. Mwamvua alisimama pembeni, karibu na mahali anapopikia sasa chini ya bati, akamtazama marehemu mpaka watu walipokata kona. Walipokuwa wakirudi kutoka kuzika, Hussein alisimama mbele yake, labda alikuwa na neno la kusema.

"Pita," Mwamvua akamwambia. "Unakanyaga mafiga yangu."