Dakika Ishirini na Mbili za Mzee Kisyeri

Nyangi si mjinga, hilo lieleweke kwanza. Pale kijijini Nyansurura ndiye mwanamke wa kwanza kupiga video za harusi, tena alianza akiwa na miaka hamsini kasoro mmoja, kwa kamera aliyoachiwa na bintiye Happy. Kuunganisha vipande alijifundisha mwenyewe, jikoni, laptopu ikiwa juu ya debe la mahindi. Kitu kimoja tu hakuwahi kukifanya: kuitoa video ndani ya ile programu ikawa kitu kamili, cha kutia kwenye flashi na kutazamwa na watu kwenye televisheni. Harusi zake mbili za mwanzo alimpelekea Jackson, fundi wa Sirari, akamtolea.

Hii ya baba yake mkubwa aliapa kuitoa kwa mkono wake.

Mzee Kisyeri, huyo baba yake mkubwa, alikuwa mpiga litungu, kile kinanda chetu cha nyuzi nane, na hakukuwa na sherehe ya maana asiyoitwa. Mwezi wa tatu alimwita Nyangi. Humwita "mama", kwa kuwa Nyangi ndiye aliyerithi jina la mama mzazi wa mzee.

"Mama, nimepiga hiki kitu tangu sijaoa. Lakini sijawahi kukaa mbele yake hata siku moja. Mimi ni wa nyuma tu. Nataka nikae na watu, na mimi nijisikie."

Nyangi akawasha kamera, mzee akapiga wimbo wa rika lake, ule wa kuwataja wenzake mmoja mmoja, ng'ombe wa kila mtu na vituko vya kila mtu. Wote wameshakufa, kabaki yeye. Dakika ishirini na mbili. Wiki mbili baadaye kiharusi kikamchukua mkono wa kushoto, ukawa unalala tu juu ya blanketi kama wa mtu mwingine.

Kila asubuhi Nyangi akipita kumjulia hali ilikuwa hivyo hivyo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Imetoka?"

"Inatoka, baba."

Haikutoka. Siku tisa alikata na kupanga, akaandika jina la mzee kwa herufi za dhahabu, akalizungushia maua. Siku ya kumi akabonyeza kitufe cha kutolea. Mstari wa kijani ukatembea, ukafika asilimia kumi na moja, ukasimama. Laptopu ikasema nafasi haitoshi. Akarudia mara tatu. Kumi na moja, kumi na moja, kumi na moja. Akampigia Jackson.

"Futa usivyotumia, mama," Jackson alisema, huku anaongea na mteja mwingine.

Nyangi akaanza kutafuta asivyotumia. Akaona vile vipande vya mwanzo, kama vilivyotoka kwenye kamera, vizito ajabu. Na wimbo si upo tayari ndani ya programu? Akibonyeza, unacheza. Tangu ana miaka saba huamka kukamua ng'ombe. Maziwa yakishamiminwa kwenye kibuyu, ndoo unaisuuza hapo hapo. Nani anaacha ndoo chafu? Akavifuta vyote. Akamwaga na pipa la takataka la laptopu, maana nafasi haikurudi mpaka alipolimwaga. Na kadi ya kamera nayo ilishafutwa, ikapigiwa video ya kipaimara cha kanisani.

Akabonyeza. Safari hii mstari ukakimbia mbio mpaka asilimia mia. Nyangi akapiga kigelegele peke yake jikoni. Hakuitazama, siku tisa nzima alikuwa anaitazama. Akaitia kwenye flashi, akaenda.

Mzee Kisyeri alivalishwa koti. Simioni, jirani yake, akaja na kiti chake, na wanawake wa pale nyumbani wakakaa kwenye mkeka mbele ya televisheni. Jina likatokea, la dhahabu, na maua yake. Watu wakapiga makofi. Kisha kioo kikawa chekundu, chekundu kitupu, bila sauti.

"Kisyeri," akasema Simioni, "hata kwenye televisheni unachelewesha watu?"

Wakacheka. Mzee akainua mkono wake mmoja.

"Nyamazeni. Hapo nakaza nyuzi. Siwezi kuanza sijakaza."

Wakanyamaza. Nyangi alisimama mlangoni na rimoti. Alijua wimbo ulipaswa kuanza wapi, kwenye sekunde ya kumi na mbili, na ilishapita. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. Dakika ya tano wanawake wakaanza kutazamana. Dakika ya nane Simioni akainua kiti chake taratibu, akaenda zake. Nyangi hakuthubutu kuizima.

Asubuhi yake alikuwa Sirari na laptopu kwenye kitenge. Jackson akaifungua, akaguna.

"Aki mama, vile vipande ulifuta? Huo mradi ni maelezo tu. Unaiambia mashine chukua pale, kata hapa. Video zenyewe zinabaki kwenye folda."

"Lakini nilikuwa naiona ndani."

"Ulikuwa unaona zile za kwenye folda. Sasa hazipo, mashine inaweka wekundu tu."

Akajaribu kuvifukua vile vipande mpaka saa nane mchana. Vikarudi vitatu, vyote vya harusi. Ile video nyekundu, alisema, iliandikwa juu ya mahali vilipokuwa.

Nyangi alirudi akamweleza mzee yote, hakuficha kitu. Mzee hakugomba, na afadhali angegomba.

"Basi andika majina," alisema. "Leta daftari."

Akataja la kwanza, na ng'ombe wake. La pili. La tatu. La nne. Akakwama. Mkono wa kulia ulikuwa unadonoa hewa juu ya blanketi, unatafuta uzi.

"Yule wa tano anakuja na ule uzi mnene," alisema. "Bila uzi haji."

"Nikuletee litungu, baba?"

"La nini? Ule uzi ni wa mkono wa kushoto."

Wakaanza upya, la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Nyangi akasubiri na kalamu. Wakaanza tena. Mpaka leo kila asubuhi anapita, anasalimia, anafungua daftari, na yamo majina manne.