Uwanja wa Gofu Uliokuwa wa Watu Wote

Wenzangu tuliokulia Nyakato mtakuwa mashahidi wangu: zamani zile mtoto wa mfanyakazi wa kiwandani alicheza gofu na hakuna aliyeshangaa. Uwanja ulikuwa wa umma, chini kule ziwani, mashimo tisa kati ya mawe makubwa na maji. Hapakuwa na geti. Uliingia kwa njia uliyoitaka, hata pekupeku.

Nyasi zilifupishwa na ng'ombe waliopitishwa kwenda kunywa maji. Kuzunguka shimo hapakuwa na zulia la kijani kama lile la kwenye televisheni. Palikuwa na mchanga uliochanganywa na oili chafu ili upepo wa ziwa usiupeperushe. Tulirudi nyumbani na nyayo nyeusi tii, na mama akatusugua kwa jiwe huku akisema, "Miguu hii hailali kwenye shuka langu."

Baba alikuwa fundi wa mashine kiwandani. Fimbo zetu alizichomelea mwenyewe kwa vipande vya nondo, yangu fupi, ya dada yangu Nyamizi ndefu kidogo. Mipira tuliiokota kwenye matete, tukipiga kelele kwanza ili kenge waondoke. Jumapili baada ya ibada tulivua nguo nzuri, tukajaza michembe mfukoni, vile viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo watoto wa leo wanadai vinaumiza meno, tukashuka ziwani.

Karibu na shimo la saba akina mama walianika dagaa. Sheria ilikuwa moja: mpira wako ukiangukia kwenye dagaa, unaomba radhi, mwenye dagaa anakurushia. Mkubwa wao, Mama Kulwa, aliwahi kumrushia mpira meneja wa baba na kumwambia, "Shabaha yako mbaya, bosi. Rudi kesho." Meneja alicheka mpaka akakaa chini.

Nilikuwa na miaka kama kumi na miwili alipokuja mgeni mmoja wa meneja, amevaa viatu vyeupe. Alipofika shimo la saba akaonyesha zile dagaa kwa fimbo yake.

"Toeni uchafu huu, watu wacheze."

Mama Kulwa hakubisha. Aliinama akaanza kuanua. Baba akaweka fimbo yake chini.

"Acha, mama. Usianue," alisema. Kisha akamgeukia mgeni. "Ndugu yangu, hapa ni pa watu wote. Wewe piga tu. Ukikosea utaomba radhi kama sisi."

Niliogopa, kwa sababu bosi wake alikuwa amesimama pale pale. Lakini meneja alimwambia mgeni wake taratibu, "Ndivyo tunavyocheza hapa." Yule bwana akapiga, na mpira ukaenda moja kwa moja kwenye dagaa. Aliomba radhi. Mama Kulwa akamrushia mpira wake.

Leo pale pana ukuta. Uliinuka kimya kimya, kipande kwa kipande, bila mkutano wa mtaa tulioujua. Ndani kuna hoteli, na uwanja umekuwa kijani kweli, ila ng'ombe, dagaa na sisi hatutakiwi.

Baba sasa ni mzee, ninaishi naye Buhongwa. Mwaka huu aliomba nimpeleke akauone. Alivaa koti lake la kanisani. Getini tulimkuta mlinzi, kijana mwenye adabu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuuona uwanja. Nilicheza hapa miaka mingi."

Kijana aliniangalia mimi, kama mtu anayeomba msaada kwa mgonjwa aliyeanza kuweweseka. "Mama, hapa ni pa wanachama tu. Na gofu, mzee, si mchezo wa watu kama sisi."

Baba alishika mkono wangu, tukageuka. Njia nzima nilikuwa na hasira. Sikumkasirikia yule kijana, ambaye anasema alichofundishwa. Niliwakasirikia waliokaa mezani wakagawana ufukwe wa watu kama nyama ya sherehe, wakamwacha baba yangu aonekane mwongo mbele ya geti.

Nilikwenda ofisi ya mtaa kuomba kuona ni lini wananchi waliulizwa. Nikazungushwa wiki tatu. Mwishowe karani akaniambia jalada halionekani. Nikazunguka na karatasi kukusanya saini za tuliokulia kule. Mama Kulwa, ambaye haoni vizuri tena, aliweka dole gumba akasema, "Andika kwamba mimi sikuhama. Nilifukuzwa."

Tulipozipeleka saini kwa wakubwa, tulichopata ni kichochoro kando ya ukuta, upana wa watu wawili, cha kwenda kuchota maji. Wakubwa walitaka tushukuru. Nilipomuuliza baba kama angependa tukaone ziwa kupitia kule, alisema, "Siendi kuchungulia kwangu."

Juzi binti wa Nyamizi alikuwa sebuleni kwangu, anacheza gofu kwenye simu kwa kidole, hajainua hata kiuno. Baba alimtazama, akamwambia sisi tulicheza ya kweli, kule ziwani. Msichana akainua macho.

"Mama mdogo, kumbe mlikuwa matajiri?"

Nilimwambia hapana, tulikuwa watoto wa fundi, na uwanja ulikuwa wetu kama barabara ilivyo ya kila mtu. Alinisikiliza vizuri, lakini niliona hajaelewa. Sisi tulikua tukidhani hakuna anayeweza kumzuia mtu kulifikia ziwa. Yeye amezaliwa akaukuta ukuta, anadhani ziwa lina mwenyewe tangu lilipoumbwa.