Shokapu za Mama

Mama yangu aliumia nyonga alipoteleza uani akitoa ng'ombe, na kuanzia hapo kila mwezi nilimfuata Butiama, nikamleta kliniki Musoma, nikamrudisha. Gari langu lilikuwa refu kwenda juu na jembamba, aina ileile aliyokuwa nayo kaka yangu aliyeko Bunda. Yeye ndiye aliyenishauri ninunue kama lake. "Tutakuwa tunasaidiana spea," aliniambia.

Shida ya gari lile ilikuwa kona. Ukikata usukani tu, bodi yote inalala upande. Mama alikaa kiti cha nyuma akiwa ameng'ang'ania mshikio wa juu ya dirisha kwa mikono miwili, na tulipofika Makutano alikuwa amechoka kuliko mtu aliyetembea kwa miguu. Hakulalamika. Nilimwona kwenye kioo akiuma mdomo.

Fundi wa kwanza alitaka kukata springi ili gari lishuke chini. "Litatulia kama limegundishwa," alisema. Nikamuuliza, na kwenye mashimo je? Akacheka. "Hapo mama atasali rozari yote." Nikawasha gari nikaondoka.

Wa pili alikuwa na gereji Iringo, mtu mzima wa maneno machache. Hakuinama hata kuchungulia. "Endesha wewe, dada," aliniambia. "Mimi nakaa anapokaa mgonjwa." Tukaenda njia ya Mugango na kurudi, yeye nyuma, macho kafumba. Tuliposimama alinieleza taratibu. Springi ndizo zinazomeza mashimo, kwa hiyo tuziache na ulaini wake. Shokapu zimekufa, ndiyo maana gari likishayumba halijui kuacha. Na kile chuma kinachofunga gurudumu la kushoto na la kulia, stabilaiza, ni chembamba, raba zake zimelika.

"Tairi zote mbili zikipanda tuta pamoja, chuma hiki kinalala," alisema. "Kwenye kona ndiyo kinaamka. Tukiweka kinene, gari haitalala, na mama hatapigwa mgongo."

Alikitafuta kwa wiki kadhaa. Shokapu za kwanza alizofunga zilikuwa ngumu. Alikaa nyuma tena, tukazunguka, akashuka akasema, "Hapana," akazifungua zote nne. Za pili ndizo zilizompendeza.

Siku niliyompakia mama kwa mara ya kwanza baada ya kazi ile, tulipopita Makutano niliona ameachia mshikio. Alikuwa anamenya karanga. "Leo umeendesha vizuri," akasema. Nikasimamisha gari kando ya barabara, nikamweleza kila kitu, mpaka nikamchorea kile chuma nyuma ya kadi yake ya kliniki. Akaitazama michoro ile kwa muda. "Yote haya kwa ajili yangu," alisema. Nilifurahi kama mtoto.

Miezi michache baadaye kaka aliniomba gari. Alikuwa na msiba wa ukweni Kisorya, na lake, alisema, lilikuwa bovu. Mama alikuwa kwake Bunda wiki ile. Nikampelekea gari likiwa limeoshwa. Jumapili alilirudisha yeye mwenyewe, mama akiwa ndani, akashukuru, akapanda basi akarudi kwake. Kesho yake nilikuwa nampeleka mama Butiama. Ng'ombe wakakatiza, nikakwepa, gari likalala upande kama zamani. Mama akagonga bega mlangoni.

"Mama, mbona gari inayumba tena?"

"Labda barabara," alisema, na mkono wake ukarudi kwenye mshikio.

Nilikwenda Iringo nikidhani raba zimekatika. Fundi aliingia chini ya gari, akakaa huko muda mrefu, akatoka akijifuta mikono.

"Dada, umeviuza?"

"Nini?"

"Shokapu hizi si zangu. Na chuma kile hakipo, kuna kingine chembamba."

Nilijua gari moja tu ambalo vile vyuma vingeingia bila kupindishwa.

Nilimkuta kaka nyumbani kwake Bunda, gari lake limeegeshwa uani. Kabla ya kumsalimu niliegemea pembe ya nyuma kwa uzito wangu wote, nikaachia. Likapanda mara moja, likatulia kama lilivyokuwa langu. Alikuwa amesimama mlangoni ananitazama.

"Umevunja gari yangu bila kuniambia," nilisema.

"Sijavunja, nimebadilisha. Wewe gari yako unaitoaga mara moja kwa mwezi. Mimi kila siku nabeba abiria wa Kisorya, walikuwa wananikimbia kwa kutapika." Kisha akasema bila haya, "Na mama aliniruhusu. Tulifungulia hapahapa uani, yeye amekaa hapo kwenye kiti anaangalia."

Nilikuwa nimejiandaa kumtukana. Badala yake nikarudi kwenye gari. Kaka kunichukulia vitu hakukuanza siku ile, ni tangu sare za shule. Lakini mama alikuwa na ile michoro.

Nikaenda moja kwa moja Butiama. Alikuwa anachambua mtama. Nilimuuliza nikiwa bado nimesimama.

"Mama, ulijua?"

Hakuinua uso. "Kaka yako ana watoto. Wewe una mshahara."

"Vile vitu niliweka kwa ajili yako."

"Kama ni vyangu, si nimempa?" Akapepeta mtama kwenye ungo. "Mimi nimezoea kutupwatupwa."

"Na njiani nilipokuuliza, ukaniambia barabara."

Akaweka ungo chini. Mwishowe akasema, "Ulikuwa umefurahi. Sikutaka kukuharibia," na nikaona kwamba analiamini hilo, na kwamba hakuna neno la pole litakalofuata.

Fundi alifunga shokapu nyingine baadaye, za kawaida. Stabilaiza sikuitafuta tena. Kliniki namleta bado, sijakosa hata mwezi mmoja, na kwenye kona napunguza mwendo mpaka malori yananipigia honi. Ila zamani nilikuwaga namweleza mama mambo yangu yote kati ya Butiama na Musoma, ya kazini, ya nyumbani, hata yale ambayo sikumwambia mume wangu. Mwezi uliopita aliniuliza, "Siku hizi uko kimya. Kazini kwema?"

"Kwema, mama," nilimjibu, nikabadilisha gia.