Kivuli cha Mgeni

Kazi yangu hapa Lodwar ni kugawanya fungu moja la wafadhili kwa watu wasio na makazi wa miji miwili: sisi huku, Kakuma kule. Mwenzangu wa Kakuma ni mwanamke asiyepunguza bei hata ya salamu. Anakuja na orodha yake, mimi na yangu, tunavutana mpaka chai inapoa. Mimi huhesabu kila kitu mara mbili, na jambo hilo nilikuwa najivunia.

Mvua iliponyesha, laga, yaani mto wetu wa msimu, ilifurika ikabeba vibanda vyote vya kando yake. Nilihesabu familia arobaini zisizo na paa; kila jina orodhani ni nyumba moja ya mabati. Kabla ya kikao cha kugawana na Kakuma nikatuma habari kwamba Jumanne nitapita kuhesabu tena.

Kulikuwa na mjane mmoja wa watoto wanne. Mara ya kwanza nilimkuta juani, amekalia jerikeni. Jumanne nikamkuta mlangoni mwa kibanda cha makuti ya mkoma, kimefungwa vizuri, ndani kumetandikwa ngozi.

"Ejok, mkubwa," akanisalimu. "Ingia, jua ni kali."

Nikaingia, nikanywa chai yake. Nikamsifu kwa kazi ya mikono, maana huku nyumba hujengwa na akina mama. Kisha nikatoka, nikatembea hatua chache asinione, nikakata jina lake. Ana paa. Thelathini na tisa. Nikajiona mjanja, nimemnasa mtu.

Kikaoni nikaipeleka nafasi yake sokoni.

"Nina nyumba moja ya ziada," nikamwambia mwenzangu. "Nipe lori la saruji, uichukue."

"Ya ziada? Wewe? Umeugua?"

"Lori moja."

"Nusu."

"Basi nabaki nayo."

"Haya, beba lori lako. Nina familia ya Warundi wanalala kwenye baraza ya kanisa."

Nikarudi ofisini nikipiga mluzi. Saruji ile ilitosha misingi ya nyumba zetu zote.

Wiki tatu baadaye nilikuwa napita laga, sikumwarifu mtu. Yule mama alikuwa chini ya mgunga, turubai limefungwa matawini, watoto wamelala juu ya gunia. Kibanda hakikuwepo.

"Mama, nyumba imeenda wapi?"

"Nimerudishia wenyewe. Makuti ya jirani, miti ya jirani, ngozi ya dada yangu."

"Ulikuwa umeazima?"

Akanitazama kama mtu anayemwelezea mtoto. "Ulisema utakuja. Mgeni hawezi kaa jua. Ile ilikuwa ya wewe." Kisha akauliza, bila haraka, "Mabati yangu inakuja lini?"

Nikasema nitafuatilia. Ndilo neno letu la ofisini, halina mguu wala mkono. Nilipofika nyuma ya gari nikapiga simu Kakuma.

"Ile nyumba. Naomba unirudishie."

"Saruji iko wapi?"

"Nimeshaimwaga."

"Na mimi fundi ameshapaua. Mrundi amehamia, mke wake ameshapanda mchicha mlangoni. Nimtoe?"

Nikamchungulia mama yule chini ya turubai lake.

"Nimtoe, bwana? Wewe sema tu."

"Usimtoe."

Hakuna fungu jipya hadi mwaka ujao, kama litakuja. Nilikaa na orodha ile nikaihesabu, nikairudia, na mara zote mbili hesabu ilikuwa sahihi. Afadhali ningekuwa nimekosea kujumlisha.

Sikutaka mama yule asikie kwa watu kwamba jina lake nimelikata. Nikamtumia habari kwa jirani yake mwenye simu: Alhamisi nakuja, nina neno la kumwambia. Njia nzima nilikuwa naipanga sentensi ya kwanza, naipunguza, naiongeza, kama bei.

Nilipovuka laga nikakiona kibanda kutoka mbali. Makuti yale yale, miti ile ile, ngozi ya dada. Amesimama mlangoni, birika mkononi.

"Ejok, mkubwa. Ingia."

Nilitaka kumwambia nikiwa nimesimama pale pale juani. Akashika upande wa makuti, akausogeza ili nipite, akangoja. Nikainama, nikaingia.