Mkomamanga Haufuati Malisho

Kuna siku moja hainitoki kichwani, mwanangu: siku baba yangu alipokuja shambani na koleo begani, nami nikasimama kati yake na kijiti cha mkomamanga nikamwambia hapana. Msichana hajaolewa bado, anamwambia baba yake hapana, na majirani wanatazama. Hebu fikiria.

Nimeikumbuka kwa sababu ya simu yako ya jana. Umesema vile vijiti nilivyokupa siku ya harusi vilitoa mizizi vizuri kwenye makopo, ukavipanda nyuma ya nyumba huko Garissa, na tangu hapo vimesimama tu. Ukasema unataka kuving'oa uvipeleke upande wa pili, karibu na tangi la maji. Nilicheka mpaka chai ikanimwagikia. Ilikuwa kama namsikia babu yako.

Babu yako alikuwa mtu wa ngamia. Ukame ulipommalizia mifugo tuliteremka hapa Rhamu, kando ya mto Daua, na wazee wa mfereji, wanaogawa maji na mashamba, wakampa kipande cha shamba. Walimpa kwa sharti: mvua zikifika na shamba bado tupu, atapewa mtu mwingine. Wenzake waliobaki na mifugo walimcheka, wakamwita mchimba udongo. Yeye akashika jembe. Nina mengi ya kujivunia katika ukoo wetu, lakini hilo ndilo naliweka mbele: mtu aliyejulikana kwenye visima vyote vya Mandera, akainama kupalilia huku watu wakimwangalia.

Jirani akatupatia matawi ya mkomamanga. Niliyakata vijiti mimi mwenyewe, nikavichomeka kwenye makopo ya mchanga wa mto, nikavitunza mpaka vikatoa mizizi. Nilijiona sana, sikufichi. Kisha tukavihamishia shambani, vikagoma. Hakuna jani jipya, na yale machache yaliyokuwepo yakawa manjano.

Sasa niambie, mfugaji akiona mnyama hanenepi hufanya nini? Huhama. Hiyo ndiyo dawa baba aliyoijua tangu utotoni, na kwa ngamia haikuwahi kumwangusha. Basi akaving'oa vijiti vyangu akavipeleka karibu na mfereji. Vikanyauka zaidi. Akaving'oa tena, akavipanda chini ya ua wa miiba, akisema udongo wa kule hauvitaki. Nikiuliza, ananijibu, "Nimechunga kabla hujazaliwa." Kimoja tu kilibaki pale pa kwanza, pembeni, maana nilikifunika kwa kipande cha mkeka asikione. Ndiyo, nilikificha, na mpaka leo sijatubu.

Siku ninayokusimulia, upepo uliinua ule mkeka. Akakiona, akaja na koleo.

"Aabo, hiki hakihami," nikamwambia baba.

"Kimekufa hiki. Toka hapo."

"Wallahi hakijafa. Kivute kidogo uone."

Alinitazama kwa jicho la kunimeza. Lakini akainama, akakishika kwa vidole viwili, akavuta taratibu. Hakikuja. Akavuta tena. Kilikuwa kimeshika ardhi, mwanangu, kilikuwa kimeshika kweli, na sisi tuliokuwa juu tulikuwa hatuoni kitu ila majani ya manjano.

Ayeeyo, mama yake baba, alikuwa ametuletea chai na amesikia yote. Bibi huyo alikuwa amehama na kambi karibu maisha yake yote, na aqal yetu, ile nyumba ya fito na mikeka inayobebwa juu ya ngamia, aliisimamisha yeye.

"Nikuulize," akamwambia mwanawe. "Tulipokuwa tukifika mahali papya, siku ya kwanza ulikuwa unaniona nikifanya nini? Napika?"

"Hapana, hooyo. Unachimba mashimo ya fito."

"Na kila nikimaliza kuchimba ungeniambia haya, pakia tuhame, ningekupikia lini?"

Baba akaweka koleo chini, akachukua ule mkeka, akaniambia, "Kifunike, jua litakichoma." Kwa mtu kama yeye, hiyo ilikuwa zaidi ya kuomba radhi.

Vile vingine tukaviacha palepale vilipo, na vingi vikaamka polepole. Changu ndicho kilichotangulia kutoa majani, mekundu, laini, mvua zikiwa zinakaribia. Wazee wa mfereji walipokuja kukagua, baba aliwapitisha moja kwa moja mpaka pale pembeni, akasema kwa sauti, "Huu ni wa binti yangu." Shamba likabaki letu.

Kwa hiyo, mwanangu, weka koleo chini. Chomeka kidole udongoni kabla ya kumwagilia. Ukikuta unyevu, acha, mizizi nayo inataka kupumua. Jua la Garissa unalijua, kikinge kijiti na jua la mchana kwa mkeka mpaka kitakapozoea. Samadi mbichi ya mbuzi usiitie, najua mumeo anayo tele, lakini itaunguza. Kisha kivute kidogo kama alivyofanya babu yako. Kikikataa, kina shughuli huko chini, kiache. Kikija mkononi laini na cheusi, kimeoza, hicho tupa bila huzuni.

Kuna jambo la pili ulilisema kwa sauti ndogo kabla simu haijakatika, kwamba hujapata rafiki hata mmoja huko, na unataka kurudi. Lugha yetu ina neno moja, *guur*, kwa kuhama na kwa ndoa, na wewe umepata yote mawili kwa mkupuo. Huoni kitu bado kwa sababu unachimba mashimo ya fito. Endelea kuchimba. Ila mtu akikuonea, hiyo si habari ya mizizi. Nipigie siku hiyohiyo, nitapanda basi nije nikuchukue mwenyewe.

Na ujue hili, sikukuambia siku ya harusi kwa sababu machozi yalinizidi. Vijiti nilivyokupa nilivikata kwenye mti ule ule wa pembeni, niliomkatalia baba yangu. Bado unazaa.

Allah akutulize hapo ulipo, akupe majirani wema na maji ya kutosha, na akushike kama ardhi ilivyokishika kijiti changu. Komamanga la kwanza likiiva, usile peke yako. Gonga mlango wa jirani, umpe nusu.