Hitima ya Mwenzetu wa Changamwe

Mwaka tuliomaliza skuli, Mwingereza alikuwa bado anapigana na watu wa bara, na sisi vijana wa Kisauni tuliona vita vile vinatupita pembeni. Tulivisikia redioni, tukavijadili barazani, kisha tukaenda kucheza mpira. Ilituuma kidogo kwamba tutamaliza masomo wakati wa vita bila hata kovu la kuonyesha. Mimi kovu nilikuwa nalo, lakini nililipata kwa kuanguka kutoka kwenye mkorosho wa jirani.

Vita vyetu vilikuwa vya mtu mmoja tu, mwenzetu wa Changamwe. Alikuwa Mkikuyu, akikaa na ami yake aliyefanya kazi reli, na kila siku alivuka kisiwa kizima kwa baiskeli kuja skuli kwetu. Babake alichukuliwa na askari huko kwao akatiwa kizuizini, na tangu siku hiyo haikuja habari yoyote. Hakupenda kulizungumza. Mara moja tu, tumekaa kivulini kando ya ukuta wa skuli, alisema anataka babake akitoka amkute ana cheti. Kisha akasema, "Hii jua ni kali." Nami, badala ya kumuuliza habari za babake, nikamwambia, "Jua hili. Sema jua hili." Ndivyo nilivyokuwa. Kiswahili nilizaliwa nacho bila kukitolea jasho, lakini nilijiona kana kwamba nimekichimba kisima mwenyewe.

Tulipomaliza mtihani mwenzetu akapotea. Tulikuwa tumepanga kukutana kwetu Jumamosi, tule, tukumbushane mambo ya skuli, tuagane. Mmoja wetu akaleta habari kwamba askari waliingia Changamwe alfajiri wakapakia watu kwenye lori. Wa pili akasema lori lile halikurudi. Wa tatu alikuwa na binamu yake anayefanya kazi uwanja wa ndege, na binamu alisikia milio. Habari ilipofika kwangu mwenzetu alikuwa ameshakufa na kuzikwa, na mimi nikaongeza risasi ya kifua, maana nilihisi inapungua kitu.

Tukaamua kuugeuza mkutano wetu hitima. Kwetu mtu hafi hivi hivi. Lazima asomewe, watu wagawane juzuu, wapokezane mpaka Kurani ikhitimiwe, kisha waombe dua na wale. Kwamba marehemu alikuwa Mkristo tuliliona ni jambo dogo. Jina lake la ubatizo lilikuwa la nabii, kwa hiyo tulipompelekea mwalimu wetu wa chuo cha Kurani tulilitamka kwa Kiarabu, tena kwa makhraji safi, na mzee wa watu akakubali kuja bila swali la pili.

Mamangu alilia kweli. "Mwana wa watu huyu kala kwangu," alisema, na akatia nyama nyingi kwenye pilau kuliko alivyotia kwenye harusi ya dadangu. Mimi sikulia. Nilijifungia chumbani nikitunga shairi la maombolezo, na sijawahi kuwa na furaha kama ile. Miaka yote ya skuli nilikuwa mshairi asiye na cha kusema. Sasa nina rafiki aliyekufa vitani!

Jumamosi baada ya alasiri nyumba ilijaa, ubani ukafukizwa, juzuu zikasomwa. Kabla ya dua tukapeana nafasi ya kumkumbuka marehemu. Ajabu, wote tulikuwa tukimpenda. Aliyekuwa akimficha viatu alisema marehemu alikuwa kama nduguye. Aliyekuwa akimwita "wa bara" mpaka walimu wakachoka alishindwa kumaliza maneno. Kisha nikasimama mimi na karatasi yangu, nikakohoa kidogo kama nilivyoona washairi wakubwa wakikohoa.

*Simba wa misitu mbali, risasi hakukimbia.*

Simba huyo, kwa taarifa yako, aliogopa kaa wa pwani, na msitu hakuwa ameuona tangu utotoni. Tena maneno yale yangeweza kunifungisha, kwa hiyo sauti niliishusha kila baiskeli ilipopita nje. Shujaa mimi. Nilikuwa nimefika ubeti wa nne, watu wanatikisa vichwa, nimeanza kujipenda, mlango ukafunguliwa na marehemu akaingia.

Alikuwa amekonda, shati chafu, miguu imejaa vumbi. Aliyemficha viatu aliruka dirishani. Mimi nilibaki nimesimama mdomo wazi, na aibu ni kwamba fikira ya kwanza iliyonijia ilikuwa beti sita zilizobaki.

"Shikamoo, mama," alimwambia mamangu aliyetokeza kutoka ndani.

"Marahaba, mwanangu," mama alijibu, na akakaa chini pale pale sakafuni.

Marehemu akatutazama, akaitazama pilau. "Hii chakula ni ya nani?"

Hakuna aliyemsahihisha. Mmoja wetu akamwambia kwa sauti ndogo kwamba ni yake, ni hitima yake, tulisikia amepigwa risasi.

"Mimi nilishikwa nikitia baiskeli pachi," alisema. "Walituweka ndani, wakatuuliza maswali, wakatuachilia. Baiskeli wamebaki nayo."

Tulianza kucheka, kicheko kile cha watu walioponea, lakini yeye hakucheka. Alisema kule ndani alikutana na mtu wa kwao aliyetolewa kambini. Mtu huyo alifungwa kambi moja na baba wa mwenzetu. Babake amekufa kitambo. Walimfukia, hapakuwa na mtu wa kumwombea.

Kisha akanyoosha mkono kwenye karatasi yangu. "Nyinyi mnajua kuombea mtu. Basi badilisheni jina tu."

Tukamgeukia mwalimu wa chuo. Sasa ilibidi aambiwe kila kitu, jina la nabii na kanisa na yote. Alitutazama sisi mmoja mmoja, na wallahi nilitamani niwe nimeruka dirishani na yule mwingine. Kisha akasema, "Nyinyi nitawafikia baadaye. Hapa pana mtoto aliyefiwa. Inueni mikono, na kila mtu aombe kama alivyofunzwa kwao."

Mamangu ndiye aliyemuuliza, "Babako akiitwa nani, mwanangu?" Akalitaja. Miaka minne tumekaa naye dawati kwa dawati, na sote tulikuwa tunalisikia jina hilo kwa mara ya kwanza.

Nikaanza shairi upya. Nilipofika kwenye simba akanizuia. "Toa hiyo. Alikuwa seremala." Nikatoa simba, nikatia seremala, mizani ikavunjika. Nilipofika kwenye risasi akasema hapana, ni homa. Nikatoa risasi. "Aliogopa?" nilimuuliza, kwa kuwa mstari uliofuata ulisema hakuogopa. "Aliogopa sana," alisema. "Usiku ule walikuja, alikuwa anatetemeka akivaa viatu." Nikasoma hivyo hivyo, alitetemeka akivaa viatu, bila vina wala mizani, na hapo ndipo nilipolia, nikashindwa kuendelea, akaichukua karatasi akamalizia mwenyewe kwa Kiswahili chake.

Watu wakaitikia amin. Mama akampakulia sinia peke yake, akakaa karibu naye mpaka alipokula akashiba. Hayo ndiyo mazishi aliyopata babake: pilau ya mamangu, na shairi langu bovu kuliko yote niliyowahi kutunga.